Uzi: Madude makubwa ya mvuke yaliyoachwa kwenye mitambo ya zamani, na kwa nini mengine yamepona

FundiPampu

Wakuu habari za Jumapili, poleni na majukumu. Huu uzi nimeuahirisha miezi, leo nimesema naandika hata kama utakuwa mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Mimi ni fundi pampu, nimekulia kambi ya mkonge huko Tanga, sasa hivi naishi Thamesmead kusini mashariki mwa London, mwaka wa tisa huu. Waafrika tumejaa huku, na wanaokaa Thamesmead au Abbey Wood watanielewa nikiwatajia ule mtambo wa majitaka pale mtoni, upepo ukigeuka tu unajua upo. Miaka yote nimekuwa napita ile njia ya kando ya mto Thames na baiskeli, naona jengo la matofali la kizamani ndani ya uzio nikajua ni stoo. Mwaka jana nilikuwa kwa mzee mmoja namtengenezea pampu yake ya maji moto, akaniuliza kama nishaingia mle, nikamwambia bado. Mzee akaweka kikombe chini akaniangalia, akasema wewe fundi pampu umekaa hapa miaka yote hiyo na hujaingia Crossness? Akanipa tarehe ya siku ya kuwasha, nikaenda.

Wakuu, Crossness ni kituo cha zamani cha kusukuma majitaka, mle ndani kuna injini nne za mvuke zimejipanga kwenye kona nne za ukumbi mmoja, zimetengenezwa na James Watt & Co., zimeanza kazi 1865. Kila moja ina mhimili wa chuma juu unaopanda na kushuka kama bembea ya watoto ile ya ubao, upande huu ukipanda ule unashuka, ila huo "ubao" una urefu wa mita 13 na uzito wa tani 47. Halafu kuna gurudumu la kutunza mwendo, fulaiwili kama tunavyoita gereji, lina kipenyo cha zaidi ya mita 8 na tani 52. Gurudumu moja tu hilo, karibu sawa na semi iliyopakia mzigo kamili. Nilisimama pale chini nikiangalia juu na nilikumbuka korona ya mkonge ya kambini kwetu, nitaifikia.

Zinaitwa Victoria, Prince Consort, Albert Edward na Alexandra, majina ya familia ya malkia wao. Inayowaka ni Prince Consort. Nilitegemea kelele za kupasua masikio kama jenereta la kiwandani, kumbe hata kidogo. Inazunguka mara 11 tu kwa dakika. Unasikia mvuke unapumua, unasikia mafuta ya moto yananukia, lile dude linapita mbele yako taratibu na sakafu ya chuma inatetemeka kidogo chini ya viatu, mtu wa pembeni anaongea kwa sauti ya kawaida na unamsikia. Nimefanya kazi na pampu miaka 20 na sijawahi kuona mashine inafanya kazi kwa utulivu ule.

Ngoja nipate chai niendelee na ilifanya kazi gani.

Binti_Mvumoni

Weka mambo mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Ila swali la haraka, majitaka yanahitaji injini ya tani zote hizo ya nini, si yanateremka yenyewe?

FundiPampu

Umeuliza penyewe kabisa. Ndiyo, yanateremka yenyewe na hapo ndipo tatizo lilipo, yakishateremka yanafika chini mno.

London ya miaka ya 1850 ilikuwa inamwaga kila kitu mtoni, na mto huohuo watu wanakunywa. Kipindupindu kikawa kinapita na kurudi, kinaua maelfu. Mwaka 1858 likaja joto kali, mto ukanuka mpaka wabunge wakashindwa kuvumilia, maana jengo lao liko ukingoni kabisa, ndipo hela zikatoka haraka. Akapewa kazi mhandisi anaitwa Joseph Bazalgette. Akachimba mifereji mikuu ya chini kwa chini, maili 82, matofali milioni 318, akayakatiza majitaka kabla hayajafika mtoni akayapeleka mashariki nje ya mji. Upande wa kusini yote yanaishia Crossness, lakini kwa vile mfereji unateremka kidogo kidogo njia nzima, ukifika Crossness uko chini kabisa ya mto, huwezi kuyatoa. Hapo ndipo zile injini nne zinapoingia. Zinayanyanyua mpaka kwenye bwawa lililofunikwa, linaloingia galoni milioni 27, yanasubiri humo. Maji ya bahari yakianza kupwa wanafungulia yanaondoka na mto kwenda baharini, maji yakijaa wanafunga. Watu wa pwani mnaelewa hiyo hesabu bila kuelezwa, ni maji kujaa na maji kupwa tu kama ngalawa zinavyosubiri.

Pigo moja la pampu lilikuwa linanyanyua tani 6.

Nisifiche kitu, mfumo ule uliuondoa uchafu mjini ukauweka mbele, haukuusafisha. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa karibu na hapo ikazama, watu kama 650 wakafa, na muda mfupi kabla majitaka yalikuwa yamefunguliwa mtoni kutoka pande zote mbili. Waliokuwa wanajua kuogelea nao walikufa kwenye maji yale. Baada ya hapo ndipo wakaanza kutenganisha tope na maji na kulibeba tope kwa meli kwenda kulimwaga baharini. Kwa hiyo nikiisifia ile injini naisifia kama kazi ya mikono ya mafundi, mauti ya watu wale siyasahau.

Kuelekea 1900 wakaona mji umekua, injini zinazidiwa. Badala ya kuzitoa wakazibadilisha zikawa za kutumia mvuke mara tatu. Hapa mafundi wenzangu tulieni, wasio mafundi fikirieni nazi. Unakuna nazi, unakamua tui la kwanza zito. Machicha hutupi, unatia maji unakamua tui la pili, jepesi zaidi, halafu la tatu. Mvuke nao hivyohivyo, unatoka kwenye boila una nguvu zote unaingia silinda ndogo, ukitoka humo bado una nguvu kiasi unaingia silinda ya kati, ukitoka humo umeshakuwa mwepesi sana unaingia silinda kubwa kuliko zote. Silinda inaongezeka ukubwa kwa sababu mvuke ukipungua nguvu unatanuka, unahitaji nafasi zaidi. Makaa yaleyale, kazi zaidi.

mzee_wa_reli

Hapo kwenye tui umenimaliza, nimefundishwa hiyo kitu chuo nikafaulu mtihani bila kuielewa, leo ndo nimeielewa.

Kijana wa Skrepa

Mkuu naheshimu uzi wako lakini mimi niko kwenye biashara ya chuma chakavu, najua bei. Tani 47 mara nne, tani 52 mara nne, plus silinda na pampu. Kwa nini hawakuuza? Hapa kwetu ingekaa wiki?

FundiPampu

Walitaka. Prince Consort ilifanya kazi ya mwisho 1953, mwaka ule bahari ilifurika ikaingia mpaka huku, hizi nyika za Erith na Plumstead ambazo leo tumejengewa nyumba zilikuwa chini ya maji, wakaiwasha kusaidia kuyatoa. Baada ya hapo dizeli zikatosha, wakafunga mlango. Na hawakuzikata kwa sababu moja tu, gharama ya kulibomoa lile dude na kulitoa mle ndani ilizidi hela ambayo chuma kingeleta. Injini imejengewa humo, jengo limeshikana nayo, ukianza kukata mhimili wa tani 47 ulioko juu ya kichwa unauteremshaje? Hesabu ilikataa. Uzito wake ndio uliomlinda.

Lakini wezi wa vipande waliingia. Shaba, brasi, mabomba madogo, kila kinachobebeka na mtu mmoja kikaondoka. Mvua ikaingia paani. Kule chini kwenye pampu walikuwa wameshajaza mchanga kuzuia gesi ya majitaka isijikusanye ikalipuka. Miaka zaidi ya 30 ikapita hivyo.

Ndipo kikajitokeza kikundi cha watu wa kawaida, wengi wastaafu, 1987 wakasajili taasisi yao, wakaanza na koleo. Koleo wakuu. Kabla hata ya kugusa injini walichimba karibu tani 100 za mchanga kutoka chini na pembeni ya pampu, maana bila kuutoa gurudumu lisingesogea. Kisha kutu, nati moja moja, kipande kilichoibwa wanakichonga upya. 2003 ikazunguka kwa mvuke. Miaka 16 ya Jumapili na Jumanne, bila mshahara. Boila za zamani hazipo tena, wanatumia boila ndogo ya kisasa na inatosha kwa sababu sasa haibebi mzigo, inazunguka tu.

Na sio zote zimekarabatiwa, nyingine bado zina kutu mtindo mmoja. Nakwambia usimame katikati, kulia kwako moja inang'aa inapumua, kushoto mwenzake aliyezaliwa naye mwaka mmoja amekauka rangi ya udongo mwekundu. Mimi ile yenye kutu ndiyo nilikaa nayo zaidi.

Nairobi_Fitter

Boss nimefuata hii thread kutoka asubuhi. Sisi hapa Nairobi kama mtu anataka kuona mnyama wa steam aende Railway Museum, hapo nyuma ya station. Ziko engine mbili za treni aina ya Garratt, class 59, Mount Gelai na Mount Shengena, kila moja iko na tani 252. Zilitengenezwa Manchester na Beyer, Peacock 1955 na 1956, zilikuja 34, zote zilipewa majina ya milima ya East Africa, na hakuna engine ya steam ya reli ya mita moja duniani iliyozishinda nguvu. Hizo ndizo zilikuwa zinavuta mizigo Mombasa kupanda Nairobi. Zilibaki mbili kati ya 34, zingine zote zilikatwa. Babangu alikuwa fireman wa hizo, yule wa kulisha moto wa boiler, anasema zilitumia mafuta ya furnace sio makaa, na kwa mlima wa Mazeras ukichelewa kufungua valvu dreva anakuangalia tu haongei, na hiyo kuangaliwa ilikuwa mbaya kuliko matusi.

FundiPampu

Nairobi_Fitter mzee bado yupo? Kama yupo mrekodi na simu leo leo. Asimulie zamu moja tu mwanzo mpaka mwisho, alikuwa anaanza na nini, anasikiliza nini, anagusa wapi. Nitasema kwa nini hapo mbele.

Mwana wa Ujiji

Kwa heshima naomba na Kigoma isisahaulike. Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika mnayoijua, ilizaliwa Graf von Goetzen, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar, ikapanda reli mpaka Kigoma ikaunganishwa upya, 1915 ikashuka majini ikiwa na injini za mvuke. Vita Kuu ya Kwanza ikawageukia Wajerumani, Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake wakazipaka mashine grisi nene kila mahali. Hiyo ndiyo sehemu inayonigusa. Mtu anazamisha meli yake na bado anaipaka mafuta. Waingereza walipoiibua 1924 mashine zilikuwa hai, 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, na ikaendelea na mvuke mpaka miaka ya 1970 ndipo wakaweka dizeli. Marehemu babu alikuwa akiita ule mlio wa zamani "pumzi ya Liemba", alisema ya dizeli ni kikohozi.

FundiPampu

Mwana wa Ujiji asante sana, hiyo ya grisi nimeisoma mara tatu. Fundi anajua mtambo haujafa, umelazwa.

Basi niwaletee na nyingine maana baada ya Crossness nilikamatwa, kila nikipata mapumziko natafuta.

Magharibi mwa London kuna Kempton Park. Hii si majitaka, ni maji ya kunywa. Injini mbili za kutumia mvuke mara tatu, zimeanza 1929, kila moja ina kimo cha mita 19 kutoka chini mpaka juu na uzito wa takriban tani 1,000. Hapo hutazami mashine, unapanda mashine, zina ngazi na vibaraza ghorofa kwa ghorofa kama jengo, na mafundi wa zamu walikuwa wanapanda na kushuka na kopo la mafuta siku nzima. Kila moja ilikuwa inasukuma galoni milioni 19 kwa siku, kama lita milioni 86, kwenda kaskazini mwa London. Zimefanya kazi mpaka 1980, yaani wakati mimi nazaliwa bado kuna mtu anakunywa maji ya mvuke. Moja wameirudisha ikawaka tena mwaka 2002 na ndiyo kubwa kuliko zote za aina yake zinazofanya kazi duniani. Ya pili haiwaki, ila wanakupandisha mpaka juu unaweka mkono kwenye silinda.

Sheffield kuna River Don, ya 1905, nguvu farasi 12,000, ilikuwa inakandamiza chuma cha kuvika meli za vita, imefanya kazi hadi 1978. Yenyewe iko makumbusho ya Kelham Island sasa. Uzuri wake inageuza mzunguko ghafla, inakwenda mbele, unashtukia inakwenda nyuma, chuma chote kile. Ellenroad karibu na Rochdale ilikuwa inaendesha kiwanda kizima cha kusokota pamba kwa kamba, kiwanda kimebomolewa, nyumba ya injini imebaki peke yake.

Ila iliyoniacha mdomo wazi ni ya Uholanzi, Cruquius, jirani na Haarlem. Walikuwa na ziwa kubwa linakula ardhi kila mwaka, wakaamua kulikausha. Wakaagiza injini tatu kutoka Cornwall Uingereza, wakazijenga kuzunguka ziwa, wakaanza 1849, kufikia 1852 ziwa limekwisha. Miaka mitatu. Silinda ya Cruquius ina kipenyo cha mita 3.66, mpaka leo ndiyo silinda kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa za injini ya mvuke. Chumba nilichopanga nilipofika London kilikuwa kidogo kuliko hapo. Inaonekana kama mnara wa ngome, mihimili minane imetokeza ukutani pande zote, kila mmoja na pampu yake. Na wale mnaopanda KLM kutoka Dar au KIA, mkitua Schiphol mnatua kwenye sakafu ya ziwa hilohilo, mko chini ya usawa wa bahari.

Binti_Mvumoni

Eti nimetua pale mara mbili na sijui. Mkuu ulisema utaifikia korona ya kambini kwenu.

FundiPampu

Ndiyo.

Kwa wasiojua, korona ni ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge ikatoa singa. Nyuma ya jengo la korona kambini kwetu kulikuwa na banda lenye injini ya mvuke ya kizamani, ndiyo iliyokuwa inaiendesha kabla ya dizeli. Mimi nimeikuta imesimama. Fulaiwili yake ilikuwa inanizidi kimo, tulikuwa tunakaa kwenye mikono yake tunakula maembe. Babu mmoja pale kambini alikuwa fundi wake, kila Ijumaa baada ya swala anakuja na kitambaa na chupa ya mafuta machafu, anafuta shafti, anafuta kibao cha jina, anaondoka. Hakuna aliyemlipa wala aliyemtuma. Nilimuuliza babu unaifuta ya nini na haiwaki? Akaniambia, "Mjukuu wangu, haiwaki leo."

Nilikuwa darasa la sita alipofariki. Mwaka uliofuata ikaja gari na mitungi ya gesi, wakaikata siku mbili, ikaondoka. Hakuna picha hata moja. Sijui hata kampuni iliyoitengeneza kwa sababu kile kibao nilikisoma mara mia na sikukiandika popote.

Crossness pale nilimwona mzee na kitambaa anafuta shafti vilevile. Nikatoka nje kidogo.

Ndiyo maana namwambia Nairobi_Fitter arekodi. Wale wa Crossness waliniambia kazi ngumu haikuwa chuma, michoro ilikuwepo ya kutosha. Kazi ilikuwa kujua mkono. Unafungua valvu kiasi gani asubuhi ikiwa baridi, unasubiri sauti gani ndipo uongeze. Hiyo haiko kwenye mchoro.

Kijana wa Skrepa

Mkuu nimesoma mpaka mwisho nimenyamaza kidogo. Nitasema ukweli, mimi mwenyewe nimeshanunua vipande vya namna hiyo, sikujua ni nini, nilipima kwa kilo tu. Kuna moja sijaikata. Iko kwenye shamba lililokufa, silinda mbili, gurudumu limezama nusu kwenye udongo na mti umeota katikati ya mikono yake. Nilikuwa nipeleke vijana mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

FundiPampu

Ndugu yangu umenifanya nisimame. Kwanza usikate, na huo mti usiung'oe, ukiuvuta unaweza kuvunja mkono wa gurudumu, chuma cha kumwaga kinavunjika kama kikombe. Mti ukatwe kwa msumeno vipande vipande.

Tafuta kibao cha jina, huwa kiko kwenye silinda au kwenye fremu, kama hakipo tafuta maandishi yaliyoinuka kwenye chuma chenyewe. Usikwangue na brashi ya waya, paka mafuta ya taa, acha usiku, futa na tambara. Piga picha kila upande, weka rula au hata mguu wako kwenye picha tuone ukubwa. Pima kipenyo cha silinda. Fungua vizibo vya chini maji yatoke kama yapo, kisha mafuta machafu ya gari, paka kila panapong'aa au palipowahi kung'aa. Na kama kuna boila pembeni, asijitokeze mtu wa kuijaribu na moto, boila iliyooza ndani ni bomu.

Halafu ulizia kijiji cha jirani nani aliwahi kufanya kazi hapo. Na mwenye shamba ajue, muandikishane.

Kijana wa Skrepa

Sawa mkuu. Kuna mzee pale anauza mkaa njia panda, nakumbuka siku ya kwanza alinifuata akaniuliza kama nimekuja kuiwasha. Nilidhani amechanganyikiwa. Jumamosi naenda na debe la oili, nampitia.

FundiPampu

Beba na chupa ya chai, na ukifika mwache aongee yeye kwanza. Nasubiri picha ya kibao.